Kuizuia Miguu

Barabara ya Jinja kwenda Mbale humdanganya mwendesha baiskeli mapema. Ukishapita Bugembe ukaingia kwenye miwa ya Kakira, miguu bado myepesi, pumzi imetulia, na kila kilima kinakuita ukipande kwa fujo. Katika mbio za kushindana na saa, ambamo kila mtu yuko peke yake na hakuna mgongo wa mwenzio wa kujikinga upepo, wengi hupoteza mbio papo hapo wala hawajui.

Ndiyo maana naisifu kazi ya kusoma kompyuta ya baiskeli. Kifaa chenyewe kidogo, kinakaa kwenye usukani: wati, mapigo ya moyo, mizunguko ya pedali, muda. Watu hudhani kimewekwa kumhimiza mtu. Mimi nasema kazi yake kubwa ni kumzuia. Anayeweza kushikilia wati 280 kwa saa nzima atajikuta dakika ya tatu anasukuma 340 na haoni taabu yoyote. Amekwisha kukopa, ila mwili haujaanza kudai.

Katika mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, wanaume walishindana na saa kwa kilomita 40.6, karibu sawa na Jinja hadi Iganga. Umbali huo haupigwi kwa wati zilezile mwanzo hadi mwisho. Kwenye tambarare, kuongeza kasi kwa asilimia 10 kunataka nguvu zaidi kwa karibu theluthi, kwa kuwa hewa hukaza kadiri unavyoikimbilia. Mlimani mwendo ni mdogo, hewa haina usemi, na kila wati unayoongeza inakulipa. Basi fundi hupanda na 310, kileleni haachi kukanyaga mpaka kasi irudi, kisha anajikunja na kuteremka na 230 huku akivuta pumzi.

Ukikata kushoto Nakalama kushika barabara ya Tirinyi, darasa hubadilika. Njia inanyooka, inavuka vinamasi vya mto Mpologoma na mpunga wake, na hakuna mti wa kukukinga. Hapo macho yabaki kwenye wati, yaiache kasi. Kasi ndani ya upepo wa mbele humvunja mtu moyo bure, akaanza kujiua kwa ajili ya kilomita mbili kwa saa.

Nawaheshimu pia wanaokataa namba. Mwaka 1989 Greg LeMond alianza hatua ya mwisho ya Tour de France, nayo ya kushindana na saa, akiwa sekunde 50 nyuma ya Laurent Fignon, akaiambia timu yake isimpe muda wowote njiani, na akatwaa ubingwa kwa sekunde 8. Lakini zile zilikuwa kilomita 24.5, dakika 27 hivi. Huku kwetu, hasira ya dakika 27 inakufikisha Magamaga, na Iganga bado iko mbali.

Utamu mwingine uko baada ya mbio, jasho likishakauka, kocha na kijana wakiinamia mchoro wa wati kwenye simu mjini Mbale, mlima Wanale ukiwa juu yao. Kijana anaamini alichokea Budaka kwa sababu ya jua. Kocha anarudisha kidole nyuma, taratibu, hadi kwenye mlima wa kwanza baada ya Bugembe, anakiacha hapo, na wanaanza kupanga wati za Jumapili ijayo.