Dhana ya «Kiswahili Kibovu»: Nani Aliipima?

Lisemwalo lipo, wanena wahenga. Methali hii humfaa msikilizaji wa habari za mjini. Mtafiti haimtoshi, kwani kazi yake huanzia pale anapouliza: lasemwa na nani, na kwa ushahidi gani? Swali hilo halijaulizwa vya kutosha juu ya jambo moja ambalo wasomi wengi wa Kongo hulichukua kuwa limekwisha kuthibitishwa, yaani kwamba Kiswahili cha Lubumbashi ni Kiswahili cha pwani kilichovunjika njiani na kufika bara kikiwa vipande. Husemwa na mwalimu darasani, hurudiwa na mwanafunzi katika dibaji ya tasnifu yake, na msemaji mwenyewe hukiri kwamba «Kiswahili bora» kiko kwingine.

Aliyeitikisa dhana hiyo kwa nguvu ni Johannes Fabian katika kitabu chake Language and Colonial Power, kilichotolewa mwaka 1986. Kitabu hicho chafuatilia jinsi utawala wa Kibelgiji ulivyokichukua Kiswahili na kukifanya chombo chake, tangu 1880 hadi 1938. Mwandishi akumbusha kwamba reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910 ilitoka kusini, pamoja na wafanyakazi na Kiingereza cha Rhodesia. Kukipendelea Kiswahili kulikuwa, kwa sehemu kubwa, njia ya kuuzuia mvuto huo wa kusini. Kwa hiyo lugha ya mji haielezwi kwa hadithi ya misafara ya wafanyabiashara peke yake.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ile inayohusu vitabu vidogo vya msamiati vilivyoandikwa kwa ajili ya Wazungu. Vingi vimejaa sentensi za kuamuru: lete, beba, fanya, ondoka. Mwandishi wa kitabu cha namna hiyo aliandika kile alichokihitaji mwajiri, wala si kile walichosemezana wafanyakazi jioni majumbani mwao. Baadaye wasomaji waliona lugha isiyo na masimulizi, isiyo na mabishano wala mzaha, wakahukumu kwamba lugha yenyewe ni maskini. Upungufu wa kitabu ukahesabiwa kuwa upungufu wa wasemaji.

Hata hivyo, anayejifunza kwa Fabian kuhoji hana budi kumhoji Fabian pia. Ithibati zake kwa sehemu kubwa ni maandishi ya wakoloni wenyewe, na palipokosekana maandishi, hatua za lugha huonekana kama hazikuwapo. Bunkeya, mji wa Msiri aliyeuawa Desemba 1891, ulifanya biashara na pwani ya mashariki na ya magharibi. Mazungumzo ya sokoni humo hayakuwekwa katika majalada ya serikali yoyote. Ukimya wa karatasi si ukimya wa vinywa. Kosa alilolifichua katika vitabu vya msamiati laweza kumrudia mtafiti yeyote aishiye katika nyaraka.

Dawa ya kosa hilo Fabian mwenyewe aliileta mwaka 1990, alipochapisha, akisaidiwa na Kalundi Mango, pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho, maandishi ya André Yav ya mwaka 1965 yaitwayo Vocabulaire de ville de Elisabethville. Jina laahidi msamiati, lakini ndani mna historia ya mji na ya ukoloni kama ilivyoonwa na watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Maneno yamekatwa na kuunganishwa bila kanuni moja, hata anayeyapitia kwa macho tu huona fujo. Njia iliyoyafungua ilikuwa kuyasoma kwa sauti mbele ya sikio lililoizoea lugha hiyo. Hapo sentensi zikajipanga, na masimulizi yakasikika. Lugha iliyodaiwa kufaa kwa amri tu ilikuwa imebeba historia nzima.

Sarufi nayo yatoa ushahidi usiokubaliana na neno «kuvunjika». Ni kweli kwamba upatanisho wa ngeli umepungua: mtu husema «kitabu yangu» pasipo shaka. Lakini lugha hiyohiyo ina «katoto» na wingi wake «tutoto», yaani jozi ya viambishi vya udogo, ka- na tu-, ambayo Kiswahili sanifu hakinayo na ambayo lugha jirani za Kibantu zinayo. Ina pia kiambishi tamati -aka, kama katika «anasemaka», kinachoonyesha mazoea. Kitu kilichovunjika hupoteza vipande. Hakioti viungo vipya. Anayehesabu yaliyopungua peke yake amefanya nusu ya hesabu.

Kipimo chenyewe nacho chastahili kupimwa. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kwa uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyosimamia kazi hiyo ilianza mwaka 1930 kwa ajili ya nchi nne zilizokuwa chini ya Uingereza. Kimvita, chenye fasihi ya karne nyingi, kiliachwa. Uamuzi huo ulikuwa na manufaa makubwa ya elimu na uchapishaji. Lakini ulikuwa uamuzi wa ofisi, na yaliyoamuliwa na ofisi hayawi sheria ya maumbile.

Kuhoji si kukataa. Mtu aweza kuyapitia haya yote na bado akaona kwamba Kiswahili sanifu chafaa kufundishwa Kongo, kwa kuwa chafungua vitabu na mawasiliano na Afrika ya Mashariki. Tofauti ni kwamba atakuwa na sababu, badala ya aibu aliyoirithi.

Madhara ya kutohoji huonekana hasa katika kazi za wanafunzi. Mwanafunzi hurekodi hadithi kwa bibi wa Kenya au Katuba, kisha akiinukuu hubadili «batu» kuwa «watu», hufuta ka- na -aka, na kuileta ikiwa safi kama kitabu cha shule. Mhakiki anayefuata husoma nukuu hiyo na kuamini kwamba amemsikia bibi. Viambishi vilivyofutwa havirudi, na bibi hatasubiri kurekodiwa mara ya pili. Katiba ya 2006 yakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa; wajibu wa kwanza wa chuo kikuu kwa lugha ya taifa ni kuandika kile kilichosemwa, kabla ya kuamua kama kimesemwa vizuri.