Kumkanda Mgonjwa wa Saratani: Ufundi Uko Kwenye Wepesi wa Mkono

Mwaka 2004 Barrie Cassileth na Andrew Vickers, wa kituo cha saratani cha Memorial Sloan Kettering mjini New York, walitoa matokeo ya wagonjwa 1,290 waliokandwa katika kipindi cha miaka 3. Kabla na baada ya kukandwa, mgonjwa alijaza kadi, akitoa alama 0 hadi 10 kwa maumivu, uchovu, wasiwasi, kichefuchefu na huzuni. Dalili zilipungua kwa karibu nusu.

Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka 2008 Jean Kutner na wenzake waliziba pengo hilo. Waliwagawa kwa kura wagonjwa 380 wa saratani iliyofika mbali. Wengine walikandwa; wengine waliwekewa mikono tu, bila kusugua, dakika 3 katika kila sehemu kati ya sehemu 10 za mwili. Mara tu baada ya huduma, maumivu ya waliokandwa yalishuka kwa alama 1.87, ya walioguswa kwa 0.97. Kadiri siku zilivyopita, tofauti hiyo haikudumu.

Maana yake ni kwamba hata mkono uliotulia tu huambatana na nafuu. Hilo linatuhusu sana hapa mjini Lubumbashi. Katika wodi za hospitali kama Jason Sendwe, ndugu ndio wanaomwogesha mgonjwa na kumlisha. Mikono ipo, kinachohitajika ni mafunzo.

Paka mafuta kidogo, tumia kiganja chote, pitisha polepole mgongoni, mabegani na miguuni, bila kukandamiza. Dawa za kemo huweza kupunguza chembe sahani za damu, zile zinazoisaidia damu kuganda, hivyo mkono mzito huacha michubuko. Usiguse uvimbe, kidonda wala ngozi iliyoungua kwa mionzi, na usibonyeze mfupa ulioingiwa na saratani, kwani huvunjika upesi. Mguu mmoja ukivimba, ukapata joto na kuuma, usiukande kabisa, mwite muuguzi: huenda damu imeganda mshipani, na bonge likisukumwa laweza kufika mapafuni na kuua.

Kukanda hakuponyi saratani, wala hakuchukui nafasi ya morfini. Kwa hiyo muuguzi aanze kwa kumkagua mgonjwa, amwoneshe ndugu sehemu salama, kisha aandike alama za kabla na baada. Alama zisiposhuka, dawa ya maumivu iangaliwe upya siku hiyohiyo.