Ufunguo Umefungiwa mu Nyumba: Juu ya Miongozo ya Linux kwa Wenye Wanaanza

Hii miaka miwili nimesoma miongozo mingi ya kuinstale Linux kwa mutu mwenye anaanza. Ya Kifaransa, ya Kiingereza, mifupi, mirefu, yenye picha na yenye haina picha. Mingi iliandikwa na watu wenye akili na moyo wa kutoa, tena bila malipo. Lakini karibu yote iko na kasoro moja, na kwetu huku hiyo kasoro njo inaamua kama mwanafunzi atabaki na Linux ao atarudilia Windows yake ya kuvunja pamoja na virusi zake. Kasoro ni hii: muongozo unaandikiwa mutu mwenye tayari iko na intaneti nzuri.

Angalieni vile inapangwa. Kwanza, pakua. Pili, tayarisha flashi. Tatu, chagua Wi-Fi yako. Ine, acha mashini ipakue mapya yote. Kiisha, chini kabisa, mu kipande cha matatizo, kuko mustari mumoja: kama Wi-Fi haionekane, instale draiva kwa amri hii. Na ile amri, "sudo apt install", inaenda kutafuta draiva ku intaneti! Mutu hana intaneti juu draiva haiko. Draiva haiko juu hana intaneti. Ni sawa kufungia ufunguo mu nyumba, kiisha kumuambia mwenye nyumba iko inje na mvua: fungua tu, ufunguo uko ku meza.

Haya si maneno ya kupitisha wakati. Microsoft ilimaliza kutunza Windows 10 tarehe 14/10/2025, na Windows 11 inaomba kipande cha usalama chenye kinaitwa TPM 2.0, chenye mashini nyingi za okazyo kutoka Ulaya hazina. Kwa hiyo bandugu wengi wanageukia Linux, si kwa kupenda falsafa yake, lakini juu mashini ingali nzima na TFC iko ndani. Mutu kama huyo akikwama siku ya kwanza, hasemi "muongozo ni mubaya". Anasema "Linux ni ya ma-enjenia", na anaiacha.

Kuko wakati walijua hii tatizo. Ubuntu ilipotoka mu 2004, Mark Shuttleworth na kampuni yake Canonical walikuwa wanatuma CD ku posta, bure, mu inchi yoyote. Jina lenyewe walikamata ku luga za kusini mwa Afrika. Sisi tungesema utu. Hiyo kazi ya kutuma CD waliifunga mu 2011. Siwalaumu juu ya kufunga, posta ni gali. Lakini programu yenye zamani ilienea mu CD ya mega 700, leo inakaribia giga 6, na muongozo unaandika "pakua" kama vile mutu anasema "kunywa maji". Hakuna hata neno juu ya mutu mwenye anapakua ku siberi, umeme unakatika ku asilimia 80, na anaanza tena upya kwa forfe mupya. Na dawa iko: ukipakua kwa njia ya torenti, ao kwa amri "wget -c", kazi inaendelea pale ilifika. Ikimalizika, "sha256sum" inakuonyesha kama fahili yako iko sawa na ya wenyewe. Wengi wenye wanaona "Input/output error" katikati ya kuinstale wanafikiri diski yao imekufa. Mara nyingi ni fahili yenye ilifika kiwete, ao ni flashi ya bei ya chini.

Tufike sasa ku Wi-Fi, maana hapo njo kuko shida yenyewe.

Kipande cha Wi-Fi mu mashini kinahitaji vitu mbili: draiva, yenye mara nyingi iko tayari ndani ya Linux, na fahili ndogo ya kampuni yenye ilitengeneza kipande, yenye inaitwa femwe. Kampuni ingine zinaachilia femwe igawanywe, lakini hazionyeshe namna iliandikwa. Debian, mama ya Ubuntu, kwa miaka mingi ilikataa kuweka femwe za namna hiyo mu flashi yake ya kawaida, kwa kulinda uhuru wa programu. Kuko flashi ingine yenye ilikuwa nazo, lakini haikuwa rasmi, na mutu mwenye anaanza angejulia wapi? Naheshimia hiyo kanuni. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba mwenye kulipa bei ya uhuru alikuwa mutu muzaifu kuliko wote: mwenye mashini moja tu, bila kable ya intaneti ku nyumba. Mu 2022 watu wa Debian walipiga kura na kubadilisha, na tangu Debian 12, ya Juni 2023, femwe ziko ndani. Huo ulikuwa uamuzi wa haki, hata kama ulichelewa. Lakini miongozo mingi ya zamani ingali inazunguka, na inaendelea kufundisha watu kutafuta femwe ku flashi ya pili, kazi yenye haiko tena ya lazima.

Kubakia kuko Broadcom. Mashini zenye kipande cha Intel, kwa kawaida, Wi-Fi inashika bila maneno. Broadcom, yenye inapatikana mu Dell na HP nyingi za zamani na mu MacBook, njo inaliza watu. Hapa Linux Mint inastahili sifa: programu yake ya kuangalia draiva, kama hakuna intaneti, inaweza kutumia ile flashi ya kuinstale kama gala. Mu flashi ya Ubuntu pia muko folda yenye inaitwa "pool", na mu matoleo mengi draiva ya Broadcom imelala humo humo. Kumbe ufunguo ulikuwa mu mufuko! Miongozo ngapi inasema hivyo? Mi nimeona michache sana.

Na kuko njia rahisi kuliko zote, yenye ingepaswa kuandikwa ku ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa. Chukua simu ya Android, iunganishe ku mashini na kable ile ile ya kuchaji, ingia mu mipangilio ya rezo ya simu, washa kugawa intaneti kwa USB. Basi. Linux inaona ile simu sawa vile kable ya rezo, bila kuongeza draiva yoyote. Na kama simu yenyewe iko ku Wi-Fi ya iniversite ao ya jirani, inapitisha ile Wi-Fi, hailazimishe kukula mega zako. Ukiisha kuingia ku intaneti kwa njia hiyo, draiva ya Broadcom unaipakua mu dakika chache, kiisha unatosha kable. Juzi dada mumoja wa mwaka wa mwisho alikuwa amekaa siku ine na mashini bila intaneti, akifuata ukurasa mumoja mbaya wenye ulimwambia atengeneze draiva yeye mwenyewe kwa "make". Nilimuuliza tu: uko na kable ya simu?

Sisi wa agronomi tunafundishwa kwamba hakuna kushauri mbolea mbele ya kupima udongo. Miongozo inamwaga mbolea. Inatoa amri kumi na mbili, na mutu anazikopia moja kwa moja bila kujua gani inatafuta nini. Ingekuwa vizuri aulizwe kwanza: mashini inaona kipande cha Wi-Fi ao haione? "lspci -nn" inajibu, bila intaneti. Inakuonyesha namba mbili mu alama za mabano. Kama ya kwanza ni 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek. Kipande kinaonekana lakini hakifanye kazi? "rfkill list" inasema kama kimefungwa na programu ao na kifungo. Mashini zingine za zamani ziko na kifungo kidogo cha Wi-Fi ku ubavu, na hakuna amri yoyote itakifungua. Ni kidole tu.

Wi-Fi imeshika lakini kurasa hazifunguke? "ping 1.1.1.1" ikijibu, na "ping debian.org" ikikataa, rezo ni nzima, chenye kimekufa ni kazi ya kutafsiri majina, yenye inaitwa DNS. Na mbele ya kugusa DNS, angalia tarehe! Hii inanikasirisha juu ni kidogo sana na hakuna mwenye anaiandika. Mashini ya okazyo yenye betri yake ndogo ya ndani ilikwisha, kila ikizimika inarudi nyuma miaka mingi. Vyeti vya usalama vya kurasa vinaonekana bado havijaanza, "apt" inakataa kwa kusema fahili haijafika tarehe yake, na mutu anashinda akibadilisha rezo. Kumbe ni saa.

Kasoro ingine ya watu wenye wanaandikia mbali: klavie. Flashi nyingi zinaanza na QWERTY ya Marekani, na mashini zetu nyingi ni AZERTY. Unaandika neno la siri la Wi-Fi, "a" inakuwa "q", "m" inakuwa alama, namba zinageuka alama pia, na juu neno la siri limefichwa kwa nukta, hauone kitu. Mashini inasema neno si lenyewe. Mutu anakwenda kutafuta draiva ya Wi-Fi yenye haina kosa hata moja. Tena AZERTY yenyewe iko mbili: ya Ufaransa na ya Ubelgiji. Mashini zenye zinatoka Bruxelles ziko na "@" ku kifungo cha 2, za Paris ku kifungo cha 0. Chagua ile yenye inafanana na vifungo vyako, na bonyeza jicho dogo lenye linaonyesha neno la siri.

Hii yote unaweza kuipima mbele ya kugusa diski. Flashi ya Linux inafunguka yenyewe, unaijaribu bila kuandika kitu mu mashini. Miongozo inaweka hiyo nafasi kama mapambo: "unaweza kujaribu, ukipenda". Hapana! Kwa mwenye TFC yake iko mu mashini moja, kujaribu ni lazima, na kukopia kazi yake inje ni lazima zaidi, maana mbele kidogo kuko mustari "Futa diski na uinstale Linux", na wenye wanauelewa vibaya hawapewi nafasi ya pili. Kama Wi-Fi haishike mu kujaribu, haitashika kwa muujiza kiisha kuinstale.

Neno moja juu ya Secure Boot: draiva ya Broadcom ikiingia, inaweza kuomba utunge neno la siri, na mashini ikiwaka tena inaleta kioo cha rangi ya bulu. Wengi wanabonyeza "Continue" ili kipite haraka. Pale njo unapaswa kuchagua "Enroll MOK" na kuandika lile neno, la sivyo draiva iko ndani lakini haikubaliwe.

Na kiisha kila kitu kushika, miongozo inaimba: fanya mapya yote sasa. Kwa forfe ya nani? Kwa ukawaida Ubuntu inatafuta mapya ya programu zake za snap mara ine kwa siku, bila kukuuliza. Mu mipangilio ya rezo kuko mahali pa kusema kwamba hii koneksio inahesabiwa, weka hiyo alama ku rezo ya simu yako, kiisha andika "sudo snap set system refresh.metered=hold". Mapya ya usalama utayafanya, lakini siku yenye uko ku Wi-Fi ya bure.

Wenye mashini zenu bado zinakataa, muandike hapa chini zile namba mbili za "lspci -nn" na jina la mashini. Zenye zinaanza na 14e4 tutazishugulikia kwanza.