Jinsi HAL 9000 Anavyotutia Huruma

Katika filamu ya 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, kompyuta iitwayo HAL 9000 inaua wanaanga wanne. Hata hivyo, inapozimwa, mtazamaji anaihurumia. Mwongozaji Stanley Kubrick alifanikisha hilo kwa kuzibana hisia badala ya kuzimwaga.

Tuanze na sauti. Aliyerekodi kwanza ni Martin Balsam, lakini Kubrick akaona ana lafudhi ya Kimarekani mno. Akamchukua Douglas Rain, mwigizaji wa jukwaani kutoka Kanada, aliyesoma maneno ya HAL studioni wakati picha zimeshapigwa. Matokeo yake, HAL anabembeleza na kutisha kwa sauti ileile laini.

Uso hana, ana lenzi moja yenye nuru nyekundu, isiyopepesa. Wanaanga wawili wanapojifungia ili wazungumzie kumzima, Kubrick anatuonyesha midomo yao kwa jicho la HAL anayeisoma, bila sauti yoyote. Kamera inahama kutoka mdomo wa huyu hadi wa yule, basi. Hakuna anayetuambia kwamba HAL ameingiwa na hofu. Hofu hiyo tunamtilia sisi.

Binadamu nao wamepoozwa makusudi. Frank Poole, mmoja wa wanaanga hao wawili, anapokea salamu za siku ya kuzaliwa kutoka kwa wazazi wake, na hata hatabasamu. Mbele ya watu wa namna hiyo, mashine yenye adabu ndiyo inayoonekana kuwa na moyo. Mwenzake, Dave Bowman, akihojiwa na BBC ndani ya filamu, anasema HAL ameundwa aonekane ana hisia ili iwe rahisi kuzungumza naye; kama ni za kweli, hakuna ajuaye.

Kisha, ili kumzima HAL, Dave anachomoa vipande vya kumbukumbu, kimoja baada ya kingine. Tunasikia pumzi zake ndani ya kofia, na HAL akisema anaogopa. Sauti inazidi kuwa nzito na ya kuburura, mpaka anaimba Daisy Bell. Wimbo huo haukuokotwa tu: mwaka 1961, katika maabara za Bell huko Marekani, kompyuta ya IBM iliuimba, na Arthur C. Clarke, aliyeandika filamu hii pamoja na Kubrick, aliisikia.

Filamu inayomtoa roboti machozi inamnyang'anya mtazamaji kazi ambayo angeifanya vizuri zaidi mwenyewe. Kubrick alimwachia.