Ustadi wa Kupima Hewa Pemba

Chombo cha kupimia hewa hutakiwa kuhisi jambo moja tu na kukingwa na mengine yote. Kukinga ndiko kugumu, na hapo ndipo unapoonekana ustadi wa waundaji na wa waangalizi, wakiwamo wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania katika uwanja wa ndege wa Pemba, karibu na Chake Chake.

Kipimajoto kikiachwa juani hupima jua, si hewa. Kwa hiyo huwekwa ndani ya sanduku jeupe la mbao za mshazari, alilolibuni Thomas Stevenson wa Uskochi katika karne ya 19, ili upepo upite na miali isipenye. Pemba iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta: jua huelemea kusini wakati wa kaskazi, na kaskazini wakati wa kusi. Katika nchi kama hizi hufaa sanduku liwe na milango miwili, ufunguliwe ule ulio kivulini.

Humo husimama vipimajoto viwili, kimoja kikavu, kingine kimevikwa melimeli iliyoloa. Maji yakigeuka mvuke hupoza, na tofauti ya vipimo hivyo hutoa unyevu wa hewa. Kisiwani adui ni chumvi ya bahari. Ikitanda kwenye kitambaa, maji hukauka polepole, joto husomeka juu kuliko lilivyo, na hewa hudhaniwa kuwa na unyevu isiokuwa nao. Mwangalizi hodari hubadilisha kitambaa mapema, hangoji kichakae. Kwa kisiwa kinachoanika karafuu, uangalifu huo una thamani kubwa.

Kipimamvua ni faneli na chupa, lakini kisidharauliwe. Shingo nyembamba huzuia maji yasikauke, nacho husimikwa mbali na minazi. Saa 3 asubuhi maji humiminwa kwenye gilasi yenye mistari, jicho likiwa sawasawa na maji, likisoma chini ya mbonyeo wake. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba.

Barometa ndiyo inayodai subira kuliko vyote. Katika ukanda wa tropiki kanieneo hupanda kila siku karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na kushuka karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, hasa kwa sababu jua hulipasha anga joto. Kushuka kwa jioni, basi, si dalili ya tufani. Dalili ni kuvunjika kwa mwendo huo. Tufani ni nadra karibu na ikweta, lakini ile ya Aprili 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja na kwa sehemu kubwa ikaisalimisha ya Pemba.

Zebaki ya barometa na vipimajoto sasa inaondolewa kwa Mkataba wa Minamata wa 2013, na vituo vinavyojiendesha hutuma vipimo vyenyewe. Navyo huhitaji faneli zitolewe majani, vihisio vifutwe chumvi, na usomaji wake ulinganishwe na wa macho.