Utafiti wa Usimamizi wa Ujenzi: Hojaji Inasikia Nini?

Huenda msomaji akashangaa kukuta mada ya wahandisi katika jarida la walimu wa Kiswahili. Hata hivyo, mjadala wa mbinu za utafiti uliozuka nchini Uingereza katika taaluma ya usimamizi wa ujenzi unatuhusu, kwani kwa maoni yangu kiini chake ni lugha.

Mwaka 1995 David Seymour na John Rooke walichapisha makala katika jarida la Construction Management and Economics, wakilalamikia utawala wa mkabala wa kisayansi katika fani hiyo. Walitaka mtafiti azingatie maana ambazo wajenzi wenyewe huzipa kazi zao. Mwaka 1997 Raftery, McGeorge na Walters wakajibu kwamba mkabala wowote ule usihodhi uwanja. Jibu la busara, lakini mambo hayakubadilika sana. Andrew Dainty alipochambua makala za jarida hilohilo za mwaka 2006, katika sura aliyoichapisha mwaka 2008, alikuta zaidi ya theluthi mbili ni za kitakwimu. (Naye aliithibitisha hoja yake kwa kuhesabu! Tumsamehe.)

Tuchukue mfano wa kawaida. Mtafiti anataka kujua kwa nini miradi huchelewa. Anaorodhesha sababu 30 kutoka vitabuni, anawapelekea wahandisi na makandarasi hojaji, nao wanaipa kila sababu alama, kuanzia 1 hadi 5. Anakokotoa wastani, anapanga sababu kwa daraja, tasnifu imekwisha. Alichopata ni maoni kuhusu ucheleweshaji, si ucheleweshaji wenyewe. Mkandarasi atasema mwenye mradi halipi kwa wakati. Mwenye mradi atasema mkandarasi hana uwezo. Kila mmoja anajitetea, na wastani wa utetezi wa pande mbili hauwi ushahidi. Isitoshe, sababu isiyokuwamo katika orodha haina pa kujitokezea.

Na fundi mwashi yuko wapi? Yuko wapi kibarua anayebeba karai la zege? Katika saiti ya Kampala maelekezo hupita katika lugha mbili au tatu kabla ya kumfikia. Fundi akisema “kesho”, pengine anaahidi, pengine anadai alipwe kwanza. Hilo halipimwi kwa alama. Sharti mtafiti awepo, asikie, tena aijue lugha.

Lakini wanaotetea mkabala wa maana nao wasijione wameshinda. Anayekaa saiti miezi mitatu akatuletea visa vitamu bila kueleza alirekodi vipi, kwa lugha gani, na nani alimtafsiria, ametunyima njia ya kumpima. Hapo namwona mtu wa hojaji ni afadhali, maana angalau tunaliona swali lake.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwanafunzi wetu wa uzamili akigawa hojaji, “Je, unakithamini Kiswahili? Sana, kiasi, hapana,” nani atajibu hapana? Asilimia zitapendeza, na mwalimu wa kijijini asiye na vitabu hatatokea katika jedwali lolote. Kabla ya kupitisha pendekezo la utafiti, wasimamizi wamuulize mwanafunzi: utaingia madarasa yapi, utasikiliza vipindi vingapi, na utayaandika vipi uliyoyasikia?