Habanera ya Carmen: Wimbo Ulioishinda Hadithi Yake

Makala haya yanakusudia kuchunguza sababu za kudumu kwa wimbo mmoja wa karne ya kumi na tisa, nao ni Habanera ya opera iitwayo Carmen, kazi ya mtunzi Mfaransa Georges Bizet. Opera, kama ijulikanavyo, ni tamthilia ambayo maneno yake huimbwa. Aria ni wimbo wa mhusika mmoja ndani yake. Carmen ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Paris, katika ukumbi wa Opéra-Comique, tarehe 3 Machi 1875, nayo haikupokewa vema. Wahakiki kadhaa waliona haya kumtazama jukwaani mwanamke mfanyakazi wa kiwanda cha sigara anayependa na kuacha apendavyo. Bizet alifariki tarehe 3 Juni mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 36.

Leo hii watu wengi wasiowahi kuona opera hata moja huutambua wimbo huo mara wausikiapo. Kwa nini? Jibu la haraka ni kwamba mahadhi yake ni matamu. Jibu hilo halitoshi, kwani mahadhi matamu ya karne ile yaliyosahauliwa hayana idadi. Hoja yetu ni kwamba Habanera imedumu kwa kuwa imejengwa iweze kuishi pasipo hadithi inayoibeba. Na ilipotoka katika hadithi hiyo, ilimtoa pia mhusika wake katika hukumu aliyopewa humo.

Tuanze na fani. Chini kabisa, vyombo vya besi vinashika pigo moja fupi na kulirudia karibu bila kubadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Juu ya pigo hilo sauti ya mwimbaji inateremka polepole kwa hatua ndogo mno, nusu-toni kwa nusu-toni, mithili ya mtu ashukaye ngazi bila haraka huku akijua kwamba anatazamwa. Kisha, baada ya giza la ngazi ndogo ya sauti, kiitikio kinafunguka katika ngazi kubwa, na waitikiaji wanaingia. Basi msikilizaji ana mambo matatu tu ya kukumbuka: pigo, mteremko na kiitikio. Hahitaji elimu ya muziki ili aondoke nayo.

Aidha, wimbo huu ni wimbo hata ndani ya hadithi. Katika opera wahusika huimba pale ambapo katika maisha wangesema. Carmen hafanyi hivyo hapa: wanaume wa Seville wanamwuliza ni lini atawapenda, naye anawajibu kwa wimbo, mbele ya umati unaomwitikia. Hata kama tamthilia nzima ingesemwa kwa maneno matupu, mahali hapa angeimba. Ndiyo maana Habanera ikitolewa katika opera haionekani kama kiungo kilichokatwa mwilini. Zaidi ya hayo, ingawa wote wanausikia, yuko mtu mmoja asiyeujali, askari Don José, na ni yeye anayetupiwa ua wimbo unapokwisha. Kuimba mbele ya wengi ili kumgusa mmoja ni desturi ambayo hadhira ya mahali popote huielewa bila kufafanuliwa.

Tukigeukia asili ya wimbo, tunakuta jambo linalopaswa kumfikirisha mhakiki. Mwimbaji wa kwanza wa nafasi ya Carmen, Célestine Galli-Marié, hakuridhika na wimbo wa kuingilia alioandikiwa hapo awali, na Bizet akalazimika kuuandika upya mara nyingi. Hatimaye alichukua mahadhi ya wimbo uitwao El arreglito akidhani kuwa ni mali ya watu wote isiyo na mtunzi. Kumbe mtunzi alikuwapo: Sebastián Iradier, Mhispania aliyewahi kufika Kuba na aliyefariki mwaka 1865. Bizet alipojulishwa, alitia maelezo ya kukiri jambo hilo katika chapa ya muziki wake.

Hata Iradier hakulibuni pigo lile. Habanera maana yake ni ngoma ya Havana. Ilikua Kuba kutokana na dansi za Ulaya zilizopita mikononi mwa wanamuziki weusi, wengi wao wakiwa wa ukoo wa watu waliotekwa Afrika, pamoja na eneo la Kongo. Tangu miaka ya 1930 sahani za santuri za muziki wa Kuba, hasa ule uitwao son, ziliuzwa Léopoldville na kuchangia kuzaliwa kwa rumba yetu, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2021. Son si habanera, lakini zote mbili zilikulia kisiwa kimoja. Kwa hiyo sikio la Mkongo halikutani na mgeni kabisa katika wimbo huu wa Paris.

Sasa tuangalie maudhui. Katika hadithi ya Prosper Mérimée ya mwaka 1845, ambamo opera ilitolewa, Carmen hatusimulii lolote yeye mwenyewe: maneno yake yote tunayapata kwa vinywa vya wanaume wawili, msafiri msomi na muuaji wake. Opera ilimpa sauti yake. Katika Habanera anatangaza kwamba mapenzi hayafugiki wala hayatii sheria, na anamwonya atakayempenda. Hata hivyo opera hiyo hiyo inamwadhibu kwa msimamo huo: mwishoni Don José anamwua kwa kisu nje ya uwanja wa mapigano ya fahali. Wimbo uliposambaa peke yake, kisu kilibaki ukumbini. Kila unapoimbwa, Carmen yu hai, na bado ni mtu huru.

Waliouchukua wimbo huu baadaye wameuthibitishia uhai huo, kila mmoja kwa haja yake. Oscar Hammerstein aliuandikia maneno mapya katika Carmen Jones ya mwaka 1943, iliyochezwa na Wamarekani weusi. Katika filamu ya mwaka 1954 uso ni wa Dorothy Dandridge, ila sauti ya kuimba ni ya mwanamke mweupe, Marilyn Horne. Nchini Afrika Kusini filamu U-Carmen eKhayelitsha iliuimba kwa Kixhosa, ikashinda tuzo kuu ya Berlin mwaka 2005. Stromae, Mbelgiji ambaye baba yake alikuwa Mnyarwanda, aliugeuza mwaka 2013 kuwa onyo dhidi ya mtandao wa Twitter, kama ulivyoitwa wakati ule.

Pana hasara vilevile. Katika filamu ya katuni Up ya mwaka 2009 mahadhi haya yanamsindikiza mzee anayeteremshwa ngazi na kiti cha mashine. Kichekesho ni kizuri, lakini mwanamke, onyo na hatari vimetoweka. Umebaki mteremko wa sauti. Umaarufu unaouhifadhi wimbo waweza pia kuunyamazisha.

Hapa ndipo kazi ya mhakiki inapoanza. Tusiudharau wimbo kwa sababu umependwa na wengi, wala tusidhani kwamba kupendwa kwake kumeshaeleza maana yake. Tunapofundisha wimbo wowote uliodumu, uwe wa Paris au wa mitaa yetu, tuwaulize wanafunzi maswali mawili: umetoka wapi na ni nani hawakutajwa njiani? Na ulipoondoka nyumbani kwake, uliacha nini? Habanera iliacha maiti ya mwanamke. Anayeuimba akilijua hilo, huuimba vingine.